Anayemfikia kwanza mgonjwa wa dharura ni jirani, na mara nyingi jirani huyo ni kijana

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Kwa miaka kadhaa nimefuatilia mijadala ya afya ya jamii, na nimeona mambo mawili yakizungumzwa kana kwamba hayana undugu. Kuna wanaodai magari ya wagonjwa, vyumba vya dharura vyenye vifaa na namba ya simu inayopokelewa hata usiku wa manane. Kuna na wanaodai ajira, ushauri nasaha na shughuli za maana kwa vijana. Kila kundi lina bajeti yake, vikao vyake na wataalamu wake, na sijaona makundi haya mawili yakikaa meza moja. Hoja ninayoileta hapa ni kwamba wanadai kitu kimoja, kwa sababu jamii isiyofundisha vijana wake kuokoa maisha, ikawalipa na kuwatunza wanapofanya kazi hiyo, haitapata huduma ya dharura ya kuaminika hata ikinunua magari mia.

Naomba tuanze na muda, maana katika dharura muda ndio dawa ya kwanza. Moyo unaposimama ghafla, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6, na kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa pajani anaweza kuishiwa damu kabla dereva wa gari la wagonjwa hajapata maelekezo ya mahali alipo. Hata miji yenye fedha nyingi haiwezi kuweka tabibu kila kona, na kwa hiyo dakika hizo za mwanzo ziko mikononi mwa yeyote aliye karibu: mwenzake kazini, abiria mwenzake, mwanafunzi anayepita, dereva wa pikipiki aliyeegesha pembeni. Ukiwatazama watu hao utagundua kwamba wengi wao ni vijana, kwa kuwa ndio wanaoshinda barabarani, viwanjani na kwenye vibarua.

Kuna historia moja ambayo kila nikiisoma huniacha na uchungu na matumaini kwa pamoja. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hadi katikati ya miaka ya 1960 mgonjwa wa dharura alipelekwa hospitali kwa gari la polisi au kwa gari la kampuni ya mazishi. Waliomchukua hawakujua la kufanya zaidi ya kumbeba na kukimbia. Daktari Peter Safar, bingwa wa nusu kaputi ambaye alikuwa miongoni mwa waliotuletea mbinu za kisasa za kumpulizia mgonjwa pumzi, alimpoteza binti yake mdogo mwaka 1966 kutokana na pumu. Mwaka uliofuata, yeye pamoja na viongozi wa mtaa wa Hill District, mtaa wa Wamarekani weusi uliokuwa umetelekezwa, walianzisha huduma iliyoitwa Freedom House. Waliochukuliwa kufundishwa walikuwa vijana weusi wa mtaa huo, wengi wao wakiwa hawana ajira, na baadhi yao hawakuwa wamemaliza shule. Walipewa mafunzo ya takriban saa 300 ya kitabibu, na waliokatisha masomo walisaidiwa kuyamalizia.

Vijana ambao waajiri walikuwa wamewaandika kuwa hawaajiriki walitoa huduma iliyozidi ile ya mji mzima. Walijua kufungua njia ya hewa, kuwasaidia wagonjwa kupumua na kuanza matibabu hapo hapo walipomkuta mgonjwa. Katikati ya miaka ya 1970 daktari kijana, Nancy Caroline, ambaye baadaye alikuja kufanya kazi na madaktari warukao, wanaowafuata wagonjwa kwa ndege, wa shirika la afya la AMREF jijini Nairobi, akawa kiongozi wao wa kitabibu, na mtaala alioutengeneza akiwa nao ukawa msingi wa mafunzo ya wahudumu wa dharura kwa Marekani nzima. Halafu, mwaka 1975, mji ukaanzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa. Vijana wale walichukuliwa kwenye huduma mpya, lakini wengi wao walienguliwa hatua kwa hatua, na nafasi zao zikajazwa na watu wasio na uzoefu wao.

Nimeieleza kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna mambo yote mawili. Mtaa ulipata huduma ya dharura kwa kuwaamini vijana wake, na vijana wakapata kazi yenye heshima kwa kuuhudumia mtaa. Kisha waliokuwa na madaraka wakaikata kamba hiyo, wakidhani magari na sare vinatosha.

Maswali yangu kwenu ni haya. Je, tunaweza kuanza kufundisha vijana kabla hatujapata magari, au tunajidanganya? Nani abebe gharama? Na je, baada ya kumkabidhi kijana mzigo wa kuokoa maisha, ni nani atakayemwangalia yeye?

Muuguzi wa zamu ya usiku

Mleta uzi, ahsante kwa kuanzisha jambo hili. Nimefanya kazi katika idara ya dharura kwa zaidi ya miaka kumi, na ningependa kuongezea yale tunayoyaona mlangoni.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza vifo vya akina mama wajawazito kwa kutumia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Waliandika kuhusu uzazi, lakini mimi nimeuona mpangilio huo huo kwa mtoto mwenye degedege, kwa mzee aliyepata kiharusi na kwa kijana aliyegongwa na gari. Wengi wetu tukisikia "huduma ya dharura" tunawaza ucheleweshaji wa pili tu, yaani usafiri. Ule wa kwanza unaua kimyakimya. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, na walio nyumbani wanaambiana kwamba ni kawaida, itakatika. Baba uso umepinda upande mmoja na maneno hayatoki vizuri, wanamlaza apumzike hadi asubuhi. Anapoletwa, dawa ya kuyeyusha bonge la damu iliyopaswa kutolewa ndani ya saa chache tangu dalili kuanza haiwezi kumfaa tena.

Usiku mmoja aliletwa kwetu kijana aliyekatwa na kioo kwenye mguu. Waliomleta walikuwa wanne, wenzake wa rika lake, na walikuwa wamejitahidi kweli: kitambaa juu ya kitambaa, hadi mguu ukawa kama bunda. Hakuna aliyekuwa amekandamiza jeraha lenyewe. Damu ilikuwa ikinyonywa na vitambaa, na kwa kuwa haikuonekana kwa nje waliamini imekata. Mkono mmoja uliobonyeza kwa nguvu palepale, bila kuachia kila dakika ili kuchungulia, ungeibadilisha safari ile yote. Hadi leo nawakumbuka wale wanne wakiwa wameketi kwenye benchi, nguo zao zimelowa, wakiniuliza kama wamekosea. Kulifundisha jambo hilo kunahitaji alasiri moja.

Kuhusu ucheleweshaji wa tatu, nitasema bila kuficha. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo mgonjwa mahututi alisubiri kwenye kiti hadi ndugu walete malipo ya awali. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio namba 72.16 kuhusu huduma za dharura, na ndani yake nchi zilihimizwa kuhakikisha kila mtu anapata huduma hiyo bila kutakiwa kulipa kabla ya kuhudumiwa. Kijana uliyemfundisha akimfikisha mgonjwa akiwa hai, kisha akamwona anafia mapokezini kwa sababu ya risiti, hatarudi tena kusaidia mtu. Ningependa jambo hilo lisiachwe nje ya mjadala huu.

Mzee wa baraza

Wanangu, nimewasoma kwa makini na nia yenu ni njema, lakini nina shaka. Mtu asiye daktari akianza kumbonyeza mgonjwa kifua atamvunja mbavu. Akimgeuza aliyeanguka kutoka juu anaweza kumpoozesha. Mimi nimeona watu wakimmiminia maji mdomoni aliyezimia, na wakimwekea kijiko kati ya meno anayeugua kifafa, wote wakiamini wanaokoa. Je, kuwakusanya vijana kwa siku mbili na kuwapa vyeti hakutaongeza wajuaji wa aina hiyo? Na akifa mgonjwa mikononi mwao, familia itamlaumu nani?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Shaka yako ina uzito, na mifano uliyoitoa ni ya kweli kabisa: aliyepoteza fahamu hapewi chochote mdomoni, na mwenye kifafa hawekewi kitu kati ya meno, huondolewa vitu vinavyoweza kumuumiza, akalazwa ubavu baada ya mtikisiko kuisha, na ukizidi dakika 5 apelekwe hospitali haraka. Lakini naomba uone kwamba makosa hayo yanafanywa leo, na watu ambao hawajafundishwa. Watu hawakai kando wakisubiri tuamue kama wanastahili kusaidia. Watasaidia tu, kwa ujuzi au kwa kubahatisha.

Kuhusu mbavu, ni kweli zinaweza kuvunjika. Hata mikononi mwa wataalamu huvunjika, kwa kuwa kifua cha mtu mzima hukandamizwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Lakini mtu aliyezimia na hapumui inavyotakiwa ameshafika ukingoni, na ubavu hupona. Kwa aliyeanguka kutoka juu umesema kweli, hatikiswi ovyo, na ndiyo maana nusu ya mafunzo mazuri ni kujua la kutofanya.

Denmark ni mfano unaofaa kutazamwa, kwa sababu walichukua miaka wakapima matokeo yake. Mafunzo ya kuokoa maisha yaliingizwa kwa lazima katika shule za msingi mwaka 2005, na mwaka uliofuata kila aliyetaka leseni ya udereva akatakiwa kuyapitia. Kati ya mwaka 2001 na 2010, waliosimama moyo nje ya hospitali na kukandamizwa kifua na watu wa kawaida waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi karibu 45. Waliokuwa hai siku 30 baada ya tukio walipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Katika miaka hiyo kulikuwa na maboresho mengine pia, kwa hiyo sisemi kwamba mafunzo peke yake yalileta yote hayo. Hata hivyo, mikono iliyowafikia wagonjwa hao kwanza haikuwa ya madaktari.

Kuhusu lawama, nchi kadhaa zina sheria zinazomlinda msamaria mwema aliyesaidia kwa nia njema bila malipo na bila uzembe mkubwa. Pasipo na sheria hiyo, ni haki ya wakazi kuidai. Na hapa ndipo wazee wa baraza mnapohitajika kuliko mtu mwingine yeyote, kwani mkisema mbele ya familia kwamba huyu alifundishwa na alitumwa na mtaa, lawama hupoa.

Mwalimu wa biolojia

Naunga mkono, na nina angalizo moja tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono tamko la kuwafundisha wanafunzi kukandamiza kifua kwa saa 2 kila mwaka kuanzia umri wa miaka 12. Neno zito hapo ni "kila mwaka". Ujuzi huu hupungua haraka, hata ndani ya miezi 3 hadi 6, na cheti kilichotundikwa ukutani hakiuzuii kupotea. Kwa hiyo yeyote anayepanga mafunzo ya mara moja, yenye mgeni rasmi na picha, apange vilevile siku ya kurudia. Mdoli wa kufanyia mazoezi ukikosekana, mto mgumu unafaa kwa kujifunza mdundo na mkao wa mikono. Nimefanya hivyo darasani, na wanafunzi waliokuwa wakisinzia kwenye somo la mzunguko wa damu waliamka.

Kijana wa kikosi cha kujitolea

Wakubwa zangu, nawashukuru. Nina umri wa miaka 22 na nimekuwa kwenye kikosi cha huduma ya kwanza cha mtaa wetu kwa miaka mitatu. Naomba kujibu swali la mwisho la mleta uzi, la nani atamwangalia anayeokoa, kwa sababu sijawahi kuulizwa.

Mara ya kwanza kukandamiza kifua cha mtu, mtu huyo alikufa. Alikuwa baba wa rafiki yangu. Nilifanya kama nilivyofundishwa, tulipokezana na mwenzangu kila baada ya dakika 2, na gari lilipofika wahudumu walisema tumefanya vizuri. Kisha wakaondoka naye, nasi tukabaki tumesimama pale njiani. Jioni nikaenda nyumbani kama mtu aliyetoka mazoezini. Kwa wiki nyingi nilisikia mikononi mwangu ule ugumu wa kifua, hasa nikilala. Sikumwambia mtu, kwa kuwa nilidhani anayejitolea hatakiwi kulalamika. Mwenzangu aliacha kikosi bila kuaga, na nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa hali wala halali.

Kuna na jambo la fedha, ambalo tunaona aibu kulitaja. Tunanunua glavu kwa fedha zetu. Tunaacha vibarua kwenda kwenye tukio, na siku hiyo hatulipwi. Tunaambiwa kujitolea ni uzalendo, nami nakubali, ila nimeona wenzangu bora kabisa wakiondoka mmoja baada ya mwingine kwa sababu wana wadogo zao wa kuwalisha. Anayebaki si lazima awe ndiye mwenye moyo zaidi. Mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kwao hawamtegemei.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Mdogo wangu, pole sana. Nakuomba uniamini ninaposema kwamba waliosimama mioyo nje ya hospitali wengi wao hufa hata wakihudumiwa bila kosa lolote, na kwamba kifo kile hakikutoka mikononi mwako. Ulimpa nafasi ambayo asingeipata.

Sisi wenyewe hospitalini ilituchukua muda kujifunza kukaa pamoja baada ya kifo kigumu, dakika 10 tu, kila mmoja aseme alichokiona. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unafuata hatua zinazofundishika kwa mtu yeyote: tazama, sikiliza, unganisha. Haumlazimishi mtu kusimulia yaliyompata. Unaangalia kama yuko salama na ana mahitaji gani, unamsikiliza kwa kasi yake, unamuunganisha na ndugu au na mtaalamu. Kila kikosi cha vijana kingekuwa na watu wawili waliofundishwa hayo, mwenzako huenda angekuwa bado yuko nanyi. Umesema alikuwa hali wala halali. Kama unajua alipo, mtafute wiki hii. Usiogope kumuuliza moja kwa moja kama amewahi kuwaza kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia upweke wa kulibeba. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mumlete hospitalini. Hiyo nayo ni dharura, sawa na jeraha linalovuja damu.

Wanajamvi tukumbuke hapo kwamba takriban nusu ya matatizo ya afya ya akili yanayowasumbua watu wazima huanza kabla hawajafikisha miaka 18. Tunapozungumzia kuwasaidia vijana, tunazungumzia umri ambao mtu bado anaweza kufikiwa mapema.

Mzee wa baraza

Mwanangu wa kikosi, nimekusoma mara mbili. Nilikuwa nimeuliza nani atalaumiwa, sikuuliza nani ataumia. Huyo mwenzako, ukienda kumtafuta, usiende peke yako. Nenda na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Mleta uzi

Nimekaa na majibu haya tangu jana, nami nalazimika kusahihisha mpangilio wa hoja yangu. Niliweka mafunzo mbele, malipo baadaye, matunzo mwishoni kabisa kama swali la nyongeza. Kijana wetu ameonyesha kwamba kikosi kinavunjikia kwenye hayo mawili ya mwisho, wakati mafunzo yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo mapendekezo ninayoyaandaa kuyapeleka kwenye kikao cha wakazi nimeyaandika upya. Fungu la kwanza la fedha litafidia muda wa wanakikosi na kununua glavu, na fedha zisipotosha tutapunguza idadi ya wanakikosi kuliko kuwaacha wengi bila kitu. Watu wawili katika kila kikosi watafundishwa kusikiliza, na kila tukio la kifo litafuatwa na kikao kabla watu hawajatawanyika. Marudio ya mazoezi yatakuwa kila baada ya miezi 3, na Mwalimu, kama utakubali, tungependa kutumia darasa lako. Dada Muuguzi, nakuomba utusaidie kuandika barua kwa uongozi wa hospitali ya karibu kuhusu mambo mawili: mgonjwa anayeletwa na kikosi apokelewe kabla ya kuulizwa malipo, na kijana aliyemleta apewe dakika moja ya kueleza alichokiona na alichokifanya. Maelezo hayo yana faida kwa tabibu, na pia humwonyesha kijana kwamba kazi yake imepokelewa.

Mdogo wangu wa kikosi, kikao ni Jumamosi. Ningependa usimulie wewe mwenyewe, ikiwa uko tayari. Ikiwa hauko tayari, nitasoma ulichoandika hapa bila kutaja ulikotoka. Utujulishe pia kama umempata mwenzako.

Kijana wa kikosi cha kujitolea

Nimempata. Yuko kwa dada yake. Tulikwenda na kocha wetu wa zamani, tukakaa hadi usiku. Hakusema mengi, ila amekubali kwenda kumwona Dada Muuguzi kesho asubuhi, nami nitamsindikiza. Jumamosi nitakuja.